Mabaki ya Lesi ya Mama Glory

Fundi wangu wa Sinza ana tabia moja inayoniudhi. Akimaliza kushona anakukabidhi gauni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili mfuko wa vipande vilivyobaki, hata vile vyembamba ambavyo huwezi kufungia mdomo wa chupa. Juzi nilimwambia abaki navyo. Akakataa. "Hapana sista, chukua tu, lisije likazuka neno." Nikamwambia hakuna neno litakalozuka, mie si mtu wa hivyo. Akatabasamu tabasamu la mtu ambaye wateja wengi wameshamwambia hayohayo, akazidi kuninyooshea mfuko. Nilitoka pale nimenuna kweli. Nilipoufungua nyumbani, ile harufu ya kitambaa kipya kilichopitiwa na pasi ya mkaa ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa kitandani nalia, mtu mzima mwenye watoto wawili. Mume wangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni vitambaa. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani Tandika. Cherehani chake kilikaa barazani, mbele ya vyumba viwili tulivyopanga, na ukutani alibandika mabango ya mishono, wanawake waliosimama mkono kiunoni, jua limewapausha mpaka magauni yote yamekuwa rangi moja. Baba alikuwa utingo wa malori ya makontena pale Kurasini. Lori likishika safari ya mikoani hatukumwona wiki mbili, wakati mwingine tatu. Kwa hiyo nilikua nikikaa na mama, mie mtoto wake wa pekee, na nikirudi shule kazi yangu ilikuwa kuokota pini chini ya cherehani na kusikiliza wateja wakimsumbua.

Na walimsumbua. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Mteja analeta kitambaa cha sketi anataka gauni. Mteja anaonyesha picha ya msichana mwembamba, halafu yeye mwenyewe ana mwili wa kutosha watu wawili, na anataka likae vilevile. Akipimwa anabana pumzi. Mama alikuwa anasoma futi, anasema namba kwa sauti ili mteja afurahi, halafu kwenye daftari anaandika namba nyingine, ya ukweli. Sijawahi kumsikia akimwambia mteja hapana. Siku zote ni "Sawa, hakuna tabu." Nilikuwa namtazama natamani angalau mara moja atupe futi chini.

Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa mkali nacho, nacho ni kiapo. Sie watoto wa mtaani tuliapa kwa kila kitu: wallahi sijakugusa, wallahi mpira umetoka nje. Mama akinisikia alinifinya sikio mpaka nikasimama kwa vidole. "Hilo si neno la kuchezea kombolela," alikuwa akisema. Yeye mwenyewe sikuwahi kumsikia akiapa. Mtaani walilijua hilo, na akisema gauni litakuwa tayari Alhamisi, watu walikuja Alhamisi.

Sasa lazima nieleze habari ya mabaki, maana ndipo balaa lilipoanzia. Kwa mafundi wa kwetu, kipande kinachobaki baada ya kukata ni cha fundi. Hakuna anayelisema hilo kwa mdomo. Mteja haulizi, na fundi mwenye haya hakati kwa ujanja ili kibaki kingi. Nguo zangu zote za utotoni zilitoka humo. Nilivaa kifua cha Mama Fulani na mikono ya Bibi Fulani, na nikipita mtaani wenye vitambaa walivitambua vitambaa vyao, wakacheka tu. Lakini gauni la kitambaa kimoja kuanzia shingoni mpaka chini sikuwahi kuwa nalo. Nilikuwa darasa la nne, na Idd ya mfungo tatu ilikuwa inakaribia.

Hapo ndipo Mama Glory alipoleta lesi.

Alikuwa mtu wa bara, mama mnene mchangamfu aliyekaa nyumba yenye geti mtaa wa nyuma yetu. Binti yake Glory alikuwa anaolewa, na kabla ya harusi ilikuwepo sendofu, ile sherehe ambayo upande wa kike wanamuaga binti yao, na siku hiyo mama mzazi hutazamwa kuliko hata bibi harusi. Lesi yenyewe ilikuwa ya kijani, ina nyuzi za dhahabu zinazopita kwenye maua, nzito, yadi saba. Alipoikunjua mezani nilisahau kuokota pini. Mshono aliotaka ulikuwa rahisi, gauni la moja kwa moja, mikono mifupi, urefu wa chini kidogo ya magoti. Mama akapima, akasema yadi saba ni nyingi, nne zinatosha kabisa.

"Basi kitakachobaki mshonee huyu mtoto kigauni cha Idd," Mama Glory akasema, akanipapasa kichwa. "Si ndiyo, mama? Tutoke sare mimi na wewe."

Yale yalikuwa maneno ya ukarimu tu, maneno ambayo mtu mzima anayasema akiwa anatafuta funguo kwenye pochi. Mie niliyachukua kama hati ya nyumba. Usiku ule kabla ya kulala nilishaligawa gauni langu lote: mikono ya puto, mkanda wa kufungia nyuma, marinda mawili. Asubuhi niliwatangazia wenzangu wote darasani.

Baada ya siku mbili Mama Glory akarudi. Alikuwa ameona picha. Anataka mikono mirefu, iliyofunguka chini kama kengele. "Sawa, Mama Glory, hakuna tabu," mama akasema. Nikaondoa mikono ya puto kwenye gauni langu, nikajiliwaza kwamba hata lisilo na mikono linapendeza. Akarudi tena, anataka lifike chini kabisa na liwe na mkia wa kuburuza. Sawa, hakuna tabu. Marinda yangu yakaenda. Akarudi na dada yake, na dada yake akaona haiwezekani mama mzazi aende bila kilemba cha lesi ileile. Sawa. Kila alipoingia barazani na simu yake mkononi nilikuwa nahesabu ni kipi anakuja kuninyang'anya leo. Na mama yangu anaandika tu kwenye daftari, kichwa chini, hakuna tabu, hakuna tabu. Nilimchukia Mama Glory, lakini hasira kubwa ilikuwa kwa mama.

"Mama, na langu?" nilimuuliza siku moja.

"Lako lipi?"

"La Idd. Si alisema mwenyewe."

"Alisema kitakachobaki. Hatujakata bado, tulia."

Siku ya kukata ilifika. Mama alitandika lesi kwenye mkeka, akaigeuza na kuipanga kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, anasogeza karatasi za vipimo huku na huku, anazungumza peke yake. Alikata gauni, mikono ya kengele, mkia na kilemba, na bado kikabaki kipande kizima, karibu yadi moja na nusu, na vijipande. Najua alivyokipata. Alipanga vile kwa ajili yangu, ingawa hakusema. Nilikipima mwilini mwangu, kikafika. Lisilo na mikono, lisilo na marinda, lakini gauni.

Kesho yake Mama Glory akapita njiani, hata hakuingia barazani, akasema akiwa amesimama juani: "Fundi, mabaki yangu yote niwekee. Kuna kijana ananivalishia viatu na pochi kwa lesi hiyohiyo."

"Sawa," mama akasema.

Akaweka kile kipande na vijipande vyote kwenye mfuko wa rambo, akautundika kwenye msumari. Hakunitazama, nami sikumtazama. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akaingia ndani kuswali. Nilikuwa na muda wa rakaa nne. Nilitoa kile kipande, nikakificha ndani ya begi langu la shule chini ya madaftari, na ili mfuko usionekane umepungua nikajaza humo vipande vya bitana kutoka kwenye kapu la takataka. Vijipande vya lesi nikaviweka juu. Nikafunga fundo. Mama alipotoka alinikuta naokota pini.

Sikujiona mwizi hata kidogo. Niliamini nimechukua changu, kitu nilichopewa mbele ya mashahidi. Nilichokuwa nakiona ni kwamba mama amekosa ujasiri wa kunitetea, kwa hiyo nimejitetea mwenyewe.

Siku iliyofuata, mchana, Mama Glory alikuja kujaribu gauni. Lilimkaa. Hata mie niliyekuwa namchukia niliona lilivyomkaa, maana mama alikuwa ameshona mwili wa kweli na si ule aliobana pumzi. Akajigeuza mbele ya kioo, akafurahi, akasema wanakamati wenzake wa sendofu wataleta vitambaa vyao vya sare hapahapa, wanawake wanane. Mama alicheka kwa sauti. Kazi ya watu wanane kwa mpigo alikuwa hajawahi kuipata. Ilibaki kupiga pindo la chini tu. Kisha Mama Glory akauchukua ule mfuko kwenye msumari, akaupima uzito mkononi.

"Ni yote haya?"

"Ni yote."

"Usinielewe vibaya, Mama Rehema, ila nyie mafundi nawajua. Mwaka wa ubatizo wa mdogo wake Glory niliporwa kitambaa hivihivi na mtu niliyemwamini. Hebu niapie."

Alikuwa anasema kwa kutania, au nusu kutania. Mama angeweza kucheka likapita. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya cherehani, nikaona miguu yake imetulia. Nadhani lile neno la kuporwa lilimchoma, siku moja tu baada ya kunyang'anywa gauni la mwanawe bila kulalamika.

"Wallahi," mama akasema, "kitambaa chako chote kimo humo."

Mama Glory akaona aibu. Akasema jamani nilikuwa natania, akaaga, akaondoka na mfuko wake.

Mie sikuweza kutoka chini ya cherehani. Tulifundishwa madrasa kwamba mwenye kuapa uongo kwa jina la Mungu anajitafutia moto, na mama yangu alikuwa ameapa uongo bila kujua, kwa sababu ya begi langu. Nilidhani moto ule ungeanza muda uleule. Nilimchungulia nione kama ameshaanza kuumwa. Alikuwa anaimba. Anatunga uzi anaimba, anahesabu sare za watu wanane. Ndipo nikaenda kwenye begi, nikakitoa kile kipande, nikamwekea mapajani, nikasema, "Mama, hiki nilikitoa mie."

Nilingoja kipigo. Kwa kweli nilikitaka. Alikitazama kitambaa, akanitazama, akauliza jambo moja tu: "Na ndani ya mfuko uliweka nini?" Nikamwambia bitana. Akafumba macho. Kisha akasimama, akavaa baibui lake, akanishika mkono kwa nguvu, tukatoka.

Tulilikuta geti la Mama Glory wazi. Uani walikuwa wamekaa wanakamati kwenye viti vya plastiki, wale wanane wenyewe, na soda mikononi. Tulichelewa. Mfuko ulikuwa umeshafunguliwa, na zile bitana zangu, nyeusi na nyeupe na moja yenye doa la mafuta ya cherehani, zilikuwa zimetandazwa mezani ili kila mtu azione. Niliwaamkia shikamoo, na hakuna aliyeniitikia.

Mama akaweka kipande cha lesi mezani. "Mama Glory, hiki ni chako. Samahani sana."

"Si umeniapia sasa hivi?"

"Nilikuapia."

Mama Glory alitazama lesi, akatazama bitana, kisha akanitazama mie. Nilikuwa nalia kwa kwikwi, na hakuwa mjinga. Sauti yake ikashuka. "Mama Rehema, sema ukweli. Ni wewe, au ni huyu mtoto?"

Nikafungua mdomo. Mama alinibana kiganja mpaka mifupa ikaniuma.

"Wallahi ni mie," akasema. "Mtoto hajui kitu."

Mwanamke mmoja akasema, "Makubwa haya." Mwingine akacheka kwa pua. Mama Glory akakunja kitambaa chake taratibu, akasema gauni limaliziwe tu kwa kuwa siku zimekwisha, atamtuma mtu kulichukua. Tukatoka. Kabla hatujafika getini nilisikia wameanza kujadili fundi mwingine, wa Temeke mwisho.

Njia nzima nilimuuliza kwa nini hakusema ni mie. Nilipozidi akasema, "Nyamaza, watu wanatuangalia," basi. Na kuanzia kesho yake akaacha kula. Asubuhi ananikorogea uji, yeye hanywi. Mchana anapika wali, ananipakulia, yeye anarudi kwenye cherehani, midomo imekauka. Magharibi anakunywa chai na kitafunwa, hasemi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mie nikajua kaninunia. Nilidhani ameamua kuniadhibu kwa njia aliyoona inauma zaidi ya fimbo: kubeba kosa langu mbele ya watu, halafu kukaa na njaa mbele yangu. Na kwa kuwa nilidhani hivyo, badala ya kujuta nilimkasirikia. Nilikasirika miaka.

Sare za kamati hazikuja. Na wengine waliokuwa wakija walipungua, maana Tandika maneno hutembea. Mwishowe mama aliacha kabisa kushona vitambaa vya watu. Akawa ananunua kitambaa chake mwenyewe kwa jora, anashona sare za shule, sketi za bluu na mashati meupe, mwaka hadi mwaka, yeye aliyeweza kumkalisha Mama Glory gauni lenye mkia. Mabango ya mishono yalianguka moja moja na hakubandika mengine. Nilikuwa nikiyaona hayo yote nikirudi shule, nikawa na hasira na kila mtu, na Mama Glory kwa ahadi yake ya mdomoni, na baba kwa kutokuwepo, na mama kwa ile "hakuna tabu" yake. Kwenye orodha hiyo mie mwenyewe nilijiweka wa mwisho.

Nilikuwa kidato cha tatu ustadhi alipotufundisha habari ya viapo. Akasema aliyeapa uongo au akavunja kiapo, na hawezi kulisha maskini, hufunga siku tatu, ndiyo kafara yake. Kalamu ikanidondoka. Basi kumbe hakuninunia, alikuwa amefunga. Lakini ustadhi akaendelea, akasema mtu akiapa huku anaamini kwa moyo wake kwamba anasema kweli, kisha ikaja kuonekana sivyo, huyo hana dhambi wala hadaiwi kafara. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Nilikuwa na furaha na ghadhabu pamoja: kumbe mama alishinda njaa siku tatu bila sababu, kwa kutojua tu, na hakuna aliyemwambia.

Nilimkuta anashona kola za mashati.

"Mama, unazikumbuka zile siku tatu ulizofunga? Za Mama Glory?"

"Nazikumbuka."

"Ulifunga bure. Ustadhi kasema leo. We uliapa unajua kitambaa kimo, hukujua kama nimekitoa. Kiapo kile hakina kafara."

Hakuinua kichwa. "Najua hakina," akasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Na mie nilisomaga madrasa, Rehema."

Nilichoka kabisa. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo leo naionea haya, sasa kama alijua, alifunga ya nini, na kwa nini aliniacha miaka yote nikidhani amenichukia.

Mama akasimamisha cherehani kwa kiganja. Akakata uzi kwa meno.

"Niliapa mara mbili," akasema. "Ya barazani niliapa kweli. Nilifunga kwa ile ya kwa Mama Glory."